Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari: mwamba nao uwe na lango

Moshi, Kilimanjaro

Kwa waheshimiwa mlio na dhamana ya hifadhi za bahari, uvuvi na utalii, na kwa wakuu wa wilaya zote za mwambao kuanzia Mkinga hadi Mtwara.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Moshi, mji ambao mtu akisema anakwenda kuogelea watu hudhani anaelekea chemchemi za Chemka au Ziwa Chala. Kazi yangu ni kuongoza wapanda mlima, na nimeifanya kwa miaka 17. Huenda mkajiuliza mtu wa mlimani anatafuta nini katika mambo ya baharini, nami nitajibu kwamba wageni wengi tunaowashusha kutoka kileleni huenda moja kwa moja pwani, na kwamba sisi wenyewe wakazi wa Moshi na Arusha tumezoea siku hizi kupanda basi la Tanga wakati wa likizo, kwa sababu nauli yake inabebeka na watoto wanataka kuona samaki wa rangi. Ombi langu ni moja, na litachukua nafasi yote ya barua hii: kila mahali ambapo watu huingia mwambani kwa miguu kutoka ufukweni pawe na lango, kwa maana ileile ya lango tuliyoizoea sisi mlimani.

Kuna njia mbili za kuufikia mwamba wa matumbawe. Ya kwanza ni kwa boti, ambapo nahodha huhesabu vichwa wakati wa kuondoka na huvihesabu tena kabla ya kung'oa nanga. Ya pili ni kuingia kutoka mchangani ukiwa umevaa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia, au ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni, ukaogelea hadi ukingo wa mwamba, kisha ukarudi kwa nguvu zako mwenyewe. Njia hii ya pili ndiyo rahisi kwa mfuko, na kwa watu wa kawaida ndiyo peke yake. Lakini haina nahodha. Hakuna anayejua mmeingia wangapi, na kwa hiyo hakuna anayejua kama wote mmetoka.

Mwezi Februari nilikwenda katika ufukwe mmoja wa mkoa wa Tanga, ambao sitautaja kwa sababu sitaki watu wake waonekane wabaya kuliko wa fukwe nyingine. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka 15 na vijana wawili wa kikosi changu, wagumu, kama tunavyowaita wapagazi wetu huku. Tulikodi vifaa kwenye kibanda. Mkanda wa miwani ya mpwa wangu ulikuwa umekatika na kuungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, jambo ambalo halikunisumbua, maana nimeona buti za mlimani zilizoungwa vibaya zaidi na zikafika kileleni. Mwenye kibanda alitunyooshea kidole kule mawimbi yanakovunjikia, akasema samaki wamejaa huko, akarudi kwenye simu yake. Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri.

Kwa nusu saa ya kwanza nilisahau kwamba nina umri wangu. Maji yalikuwa maangavu, kama yanavyokuwa upepo wa kaskazi ukitulia, na chini yetu kulikuwa na tasi waliokuwa wakitembea kwa makundi na pono mmoja mkubwa wa bluu aliyekuwa akiling'ata jiwe, na mng'ato wake ukawa unasikika waziwazi ndani ya maji kama mtu anayemenya muwa kwa meno. Kisha niliona kwamba majani ya bahari, ambayo tulipoingia yalikuwa yakiyumba huku na huku, sasa yamelala yote upande mmoja, yakielekea nje. Niliyaona vizuri kabisa, ila sikujua kuyasoma. Mlimani nikiona wingu la namna fulani likikaa juu ya Mawenzi najua la kufanya. Pale nilikuwa kama mgeni wa siku ya kwanza.

Nilipogeuka kurudi nilipiga miguu kwa dakika kama kumi nikitazama jiwe moja chini yangu, na jiwe halikusogea. Mpwa wangu alikuwa mbele yangu upande wa nje, kwenye ule uwazi wa mwamba ambao wavuvi huuita mlango. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akiinua madema yake, yaani mitego ya samaki. Aliisogeza ngalawa kwa pondo hadi kwenye kina kifupi, akatupigia kelele: "Msishindane na mlango, mwanangu! Njooni kwa ubavu, njooni huku juu ya mwamba!" Tulikwenda kwa ubavu. Tulipokanyaga mwamba mpwa wangu alikanyaga pia mojawapo ya vile viumbe vyeusi vyenye miba mirefu, na jioni ile mke wa mzee alikaa naye kizingitini akipaka utomvu wa papai bichi kwenye unyayo, mwiba baada ya mwiba. Vilikuwa vipande 11. Kijana alivihesabu kwa sauti.

Niliposhukuru na kumwamkia mzee kama inavyostahili, aliitikia marahaba kisha akaniuliza jambo ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: "Leo mwezi kumi na tano. Nani kawaambia muingie saa hizi?" Hakuna aliyetuambia tuingie, waheshimiwa, na hakuna aliyetuambia tusiingie. Kosa la kwanza ni langu, kwa kuwa ninalipwa kuwauliza wengine maswali ambayo mimi mwenyewe sikujiuliza. Lakini ufukwe ule hupokea familia kila mwisho wa wiki, na si kila familia itamkuta mzee akiinua madema.

Maelezo ya mzee usiku ule yalikuwa mafupi na ninayaandika hapa kwa sababu ndiyo yanayopaswa kuwa kwenye ubao. Katika mwambao wa Tanga na Unguja, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa kabisa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne, na tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji yote yaliyolala kati ya ufukwe na mwamba hulazimika kutoka katika muda wa saa sita, na kwa kuwa mwamba unayazuia, hutokea kwenye milango. Saa ya kwanza huondoka kidogo. Saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka karibu nusu ya maji yote. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo huwa mpole zaidi. Sisi tuliingia bamvua, maji yakiwa yameshageuka, tukiogelea kuuelekea mlango. Mtoto yeyote wa kijiji kile angetucheka, na nadhani wawili watatu walitucheka.

Sasa niwaeleze lango la mlimani lilivyo, kwa faida ya msiowahi kupanda. Mgeni akifika Machame au Marangu hapiti mpaka aandikwe kwenye daftari: jina, umri, uraia, kazi yake, mwongozaji wake. Mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani ili isizidi kilo 20. Kila kambi ina daftari lake, na mgeni hutia saini jioni, kwa hiyo akikosekana inajulikana alionekana wapi mara ya mwisho. Sharti la kupanda na mwongozaji mwenye leseni limekuwapo tangu mwaka 1991. Hayo yote hayakuanzishwa kwa kuwa wageni ni wajinga. Mlima wa mita 5,895 haujali mtu amesoma hadi wapi, ndiyo maana anahitajika mtu langoni mwenye mamlaka ya kusema: wewe leo hupandi. Nimekasirishwa na watu hao mara nyingi, hasa asubuhi za foleni, na bado nisingependa kufanya kazi yangu bila wao.

Baharini hatuanzi na ukurasa mtupu. Tangu mwaka 1975 kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani na vile visiwa vidogo vya Dar es Salaam, Mbudya na Bongoyo vikiwamo, vimekuwa maeneo tengefu. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa mwaka 1994, ikafuatiwa na hifadhi ya Mafia mwaka 1995, ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na ya Silikanti kule Tanga mwaka 2009. Ndani ya mipaka hiyo kuna viingilio, kuna askari, kuna kanuni. Tatizo langu liko nje ya mipaka, katika miamba ya kawaida iliyo mbele ya vijiji na nyumba za wageni, ambayo haimo katika hifadhi yoyote na ambayo ndiyo mtu asiye na fedha za boti huifikia kwanza.

Katika miamba hiyo ninaomba kibanda kimoja, na ndani yake mtu mmoja anayelipwa. Nje ya kibanda uwepo ubao wa kuandikia kwa chaki: leo maji yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, ni bamvua au maji mafu, upepo ni upi, na mwisho wa kuingia ni saa ngapi. Ndani liwepo daftari ambalo mtu huandika jina lake akiingia na kulikata akitoka, na asiyekata jina lake atafutwe kabla giza halijaingia. Kutoka kwenye kibanda hadi baharini kuwe na njia moja ya mchanga iliyowekewa maboya, ili watu wasikanyage matumbawe wakitafuta pa kupita na wasijikute mlangoni bila kujua. Filimbi, kamba, boya la kumtupia mtu na, pale wanapozamia kwa mitungi, chupa ya oksijeni ya huduma ya kwanza. Hivi havihitaji maelezo marefu. Juu ya yote mtu wa kibanda apewe mamlaka ya kukataa. Ubao bila mamlaka ni mapambo, na pwani ina mapambo ya kutosha.

Mtu huyo atatoka wapi? Atoke kijijini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la BMU, na vikundi hivyo vina watu wanaojua mwezi wa leo ni wa ngapi bila kutazama simu. Yule mzee wa madema anajua zaidi kuhusu mlango wake kuliko kitabu chochote nitakachokisoma mimi. Kule Songosongo, na Pemba pia, wanavijiji wamekuwa wakiufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wanaufungua kwa siku waliyokubaliana. Watu wanaoweza kulinda mwamba usivuliwe kwa miezi hawatashindwa kulisimamia daftari. Na mfano wa kuwageuza wavuvi kuwa waongozaji upo tayari kwa majirani zetu wa Zanzibar, ambako mwamba wa Chumbe umelindwa tangu mwaka 1994, walinzi wake wa mwanzo wakiwa wavuvi wa vijiji vya jirani, na wageni wakiogelea juu yake kwa miwani na bomba tu, bila mitungi. Najua Zanzibar ina mamlaka yake. Ninataja Chumbe kama mtu anavyotaja shamba la jirani lililostawi.

Hapa lazima nieleweke vizuri, kwa sababu neno lango linaweza kuleta tafsiri ambayo mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga. Simaanishi uzio. Simaanishi kwamba mwenye nyumba ya wageni aweke mlinzi na kuwazuia wanawake wanaokwenda kutafuta pweza na chaza maji yakipwa, wala kwamba mvuvi alipie kuvuka mchanga ambao babu yake aliuvuka. Hao wapite bure na bila kuandikwa, maana wao ndio wenye nyumba. Kiingilio kiwe kwa anayekuja kutalii, kiandikwe kwa shilingi kwenye ubao uleule, kiwe kidogo kwa Mtanzania, na sehemu yake ibaki kijijini kwa utaratibu unaosomwa hadharani. Mlimani tumejifunza kwa shida kwamba fedha isiyosomwa hadharani huzaa manung'uniko ambayo hayaishi.

Usalama wa watu ndio ulionisukuma kuandika, lakini lango lingeulinda mwamba pia, na sidhani mambo haya mawili yanatenganishika. Matumbawe yanayoonekana kama mawe ni makazi ya wanyama wadogo walio hai, na yale ya umbo la duara hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Jiwe linalofika gotini kwangu huenda lilianza kabla sijazaliwa, na nilimwona kijana mmoja, si wa kikosi changu nashukuru, akisimama juu ya jiwe la namna hiyo ili apumzike na kurekebisha miwani yake. Jirani yake dada mmoja alikuwa ameinua kiti cha pweza, kile kiumbe chenye umbo la nyota, nje ya maji, anapigwa picha, na picha ya kwanza haikutoka vizuri, ikapigwa ya pili, na ya tatu. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewaambia. Dakika tano za maelezo kibandani zingetosha: usisimame, usishike, usiinue, ukichoka lala chali, vaa fulana ya mikono mirefu usiungue mgongo.

Wapo watakaosema kwamba unyayo wa mtalii ni jambo dogo ukilinganisha na baruti, au na joto. Ni kweli kwamba baruti imevunja miamba mingi katika mwambao huu, na ni kweli kwamba mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na kwamba mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza wimbi jingine la kupauka lililoenea duniani kote. Joto la bahari hatuwezi kulipunguza tukiwa Tanga au Moshi, kama ambavyo hatuwezi kuirudishia Kibo barafu yake kwa kuwakagua wapagazi langoni. Lakini mwamba uliokwisha kudhoofishwa na joto ndio usiostahili kukanyagwa.

Limebaki jambo ambalo ni letu hasa sisi watu wa nyanda za juu, na nimeshangaa jinsi linavyozungumzwa kwa nadra. Mtu aliyezamia kwa mtungi hutoka majini akiwa na naitrojeni ya ziada mwilini, ambayo huhitaji muda kutoka taratibu. Akipanda mahali pa juu mapema mno, ile hewa huweza kufanya mapovu ndani ya viungo na damu, na mapovu hayo huumiza, hupoozesha, na yanaweza kuua. Ndiyo maana miongozo ya wazamiaji huelekeza kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Wengi hukumbuka ndege na kusahau barabara. Miongozo hiyo huhesabu kuwa juu mahali popote panapozidi takriban mita 600 kutoka usawa wa bahari. Basi la Tanga likishaipita Mombo huanza kupanda, na kabla ya Moshi limeshavuka kimo hicho. Arusha iko karibu mita 1,400, na lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Mgeni anayezamia asubuhi na kulala Marangu usiku huohuo amefanya jambo ambalo mwalimu wake wa uzamiaji angemkataza, na hakuna hata mmoja kati yetu, wa pwani wala wa mlimani, aliye na wajibu wa kumuuliza. Kwa wanaoogelea juu ya maji kwa bomba tu jambo hili haliwahusu.

Mlima uko chini ya wizara moja na hifadhi za bahari ziko chini ya wizara nyingine, na mgeni hupita kati yenu kama barua isiyo na anuani. Ninaomba swali moja liongezwe pande zote mbili. Kibandani pwani aulizwe: unaelekea wapi baada ya hapa, na lini? Langoni mlimani aulizwe: mara ya mwisho kuzamia kwa mtungi ilikuwa lini? Mimi nimeshaanza kuwauliza wageni wangu swali hilo la pili jioni ya kabla ya safari, tunapokagua mifuko ya kulalia. Mwezi uliopita mmoja alijibu, "Jana mchana, kwa nini?" Tulisogeza safari kwa siku moja. Alilipia hoteli ya ziada akinung'unika, na alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa kuwa angeambiwa pwani angejipanga mapema.

Sitarajii vibanda 50 kwa mwaka mmoja. Anzeni na kimoja, katika ufukwe ambao kijiji chake kimekubali kwenye mkutano wake, na mkiendeshe kuanzia kaskazi moja hadi kaskazi nyingine, ili mwone daftari linasema nini wakati wa kusi pia, bahari inapochafuka na wageni kupungua. Waongozaji wenzangu kadhaa wa hapa Moshi wako tayari kwenda kwa nauli zao kuwaonyesha vijana wa kijiji tunavyoendesha maelezo ya langoni na tunavyomkatalia mtu bila kumvunjia heshima, ambayo ni kazi ngumu kuliko kubeba mizigo. Sisi kwa upande wetu tunahitaji kufundishwa kusoma majani ya bahari.

Mpwa wangu anataka turudi mwezi Desemba. Nimempa kalenda na kumwagiza atafute siku za maji mafu, kisha ampigie mzee simu kuhakikisha. Nikijibiwa na yeyote kati yenu kabla ya hapo, nitakuja na nakala ya ukurasa mtupu wa daftari letu.

Wenu katika utumishi,

Mwongozaji wa wapanda mlima, Moshi